Kuondoa Matiti kwa Ajili ya Kinga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanawake Wenye Saratani ya Kurithi Katika Ukoo

Maswali haya huulizwa tena na tena na wanawake ambao saratani ya matiti imepita kwa mama zao, dada zao na shangazi zao, na sasa wanajiuliza kama zamu yao inakuja. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi ya hali za pekee, lakini si lazima uyasome kwa mpangilio; nenda kwenye lako. Jambo moja tu nakuomba ulishike tangu mwanzo: kubeba jeni yenye hitilafu si kuwa mgonjwa. Una muda wa kufikiri, na hakuna anayepaswa kukuharakisha.

## Mambo ya msingi

1. Upasuaji wa kinga wa matiti ni nini hasa?

Ni kuondoa matiti yote mawili yasiyo na saratani, ili saratani isipate pa kuota. Daktari mpasuaji hutoa tishu yote ya titi anayoweza kuifikia, kuanzia chini ya mtulinga hadi kwenye mkunjo wa chini ya titi, na kutoka katikati ya kifua hadi ubavuni. Misuli ya kifua haiondolewi.

Tezi za kwapani nazo kwa kawaida huachwa. Hapo ndipo upasuaji huu unapotofautiana sana na ule wa mtu mwenye saratani. Wengi wanaogopa kuvimba mkono kwa sababu walimwona mama au dada akiteseka nao, lakini uvimbe ule hutokana hasa na kuondolewa kwa tezi za kwapa au kupigwa mionzi. Katika upasuaji wa kinga ni nadra.

2. Titi ni zima. Kwa nini nilikate badala ya kusubiri, uvimbe ukitokea nitibiwe?

Kuna wanawake wanaochagua kusubiri huku wakipimwa kila mwaka, na si wajinga (tazama swali la 11). Ila inafaa kujua kwamba kipimo hakizuii saratani. Kinaigundua ikiwa imeshaanza. Na saratani inayotokana na hitilafu ya BRCA1 (jeni inayoelezwa kwenye swali la 3) mara nyingi ni ile isiyo na vipokezi vya homoni wala vya HER2, protini inayoweza kuichochea saratani kukua. Inakua haraka, inampata mtu akiwa bado kijana, na vidonge vya kuzuia homoni haviisaidii. Hata ikigunduliwa ikiwa ndogo, matibabu yake mara nyingi huhusisha dawa kali za mishipani.

Aliyekaa kando ya kitanda cha mama yake akimwuguza katika matibabu hayo anaweza kuona kupoteza matiti ni heri. Mwingine aliyeuguza vilevile anaona bora alinde mwili wake hadi siku atakapolazimika. Wote wawili wana sababu.

3. Hizi jeni za BRCA ni kitu gani?

Kila mtu anazo, mwanamume kwa mwanamke. BRCA1 na BRCA2 hutoa maelekezo ya kutengeneza protini zinazokarabati DNA inapovunjika ndani ya seli. Unapata nakala mbili za kila jeni, moja kwa mama na moja kwa baba. Aliyerithi nakala moja mbovu anabaki na moja tu nzima, na siku ile moja ikiharibika katika seli ya titi, seli hiyo haina tena fundi wa kuikarabati. Makosa hujilimbikiza, na saratani hupata njia.

Kwamba saratani ya matiti hutembea katika koo fulani ni jambo lililoonekana zamani. Mwaka 1866 daktari Mfaransa Paul Broca aliandika mti wa ukoo wa mke wake, uliojaa wanawake waliokufa kwa saratani ya matiti. Lakini ilichukua zaidi ya karne moja kupata chanzo. Mwaka 1990 mwanasayansi Mmarekani Mary-Claire King alionyesha kwamba jeni inayohusika iko kwenye kromosomu ya 17. BRCA1 yenyewe ikapatikana 1994, na BRCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 13, ikafuata 1995.

Si hizo mbili tu. Zipo pia PALB2, TP53, PTEN, CDH1, na zile zenye nguvu ya wastani kama CHEK2 na ATM. Hata hivyo saratani nyingi za matiti hazirithiwi: zinazotokana moja kwa moja na jeni za kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10.

4. Nikiwa na hitilafu hiyo, hatari yangu ni kubwa kiasi gani?

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha karibu wanawake 10,000 wenye hitilafu hizi, ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, takriban 72 hupata saratani ya matiti kabla ya kufikisha miaka 80. Kwa BRCA2 ni takriban 69. Ili upate kulinganisha, kwa wanawake wa Marekani kwa jumla ni kama 13 kati ya 100. Saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai, ilikadiriwa kuwapata 44 kati ya 100 wenye BRCA1 na 17 kati ya 100 wenye BRCA2.

Namba hizo zinatisha, na watu wengi husikia "72" wakafunga masikio. Tafadhali usifunge. Hiyo ni hesabu ya maisha yote hadi miaka 80, haisemi kitu kuhusu mwaka ujao. Kwa BRCA1 hatari hupanda haraka katika miaka ya thelathini. Kwa BRCA2 hupanda zaidi kuanzia miaka ya arobaini. Mwanamke wa miaka 62 ambaye hajaugua ameshavuka sehemu kubwa ya njia, na hatari iliyobaki mbele yake ni ndogo kuliko ya binti yake wa miaka 30 mwenye jeni ileile. Kwa hiyo mwulize daktari wako: "Kwa umri wangu wa leo, hatari yangu ya miaka kumi ijayo ni kiasi gani?" Jibu la swali hilo litakusaidia kuamua kuliko namba ya maisha yote.

5. Kwetu saratani iko upande wa baba. Inanihusu?

Inakuhusu sawasawa na ya upande wa mama. Baba anaweza kubeba jeni maisha yake yote bila kuugua, akampa binti yake. Kila mtoto wa mbebaji, wa kike au wa kiume, ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Shangazi, dada wa baba, aliyeugua akiwa na miaka 38 ana uzito uleule kama mama mdogo aliyeugua katika umri huo. Bibi mzaa baba pia. Watu wengi hawasemi habari za upande huo kwa daktari kwa sababu hawakuulizwa. Wewe zitaje hata usipoulizwa.

6. Nimesikia habari za Angelina Jolie. Hali yangu ni kama yake?

Huenda, huenda siyo. Mei 2013 aliandika katika gazeti la New York Times kwamba ana hitilafu ya BRCA1, kwamba mama yake alifariki akiwa na miaka 56 kwa saratani, na kwamba yeye ameondoa matiti yote mawili. Mwaka 2015 akaandika tena baada ya kuondoa ovari na mirija ya uzazi. Huko Uingereza, rufaa za wanawake kwenda kliniki za saratani za kurithi ziliongezeka zaidi ya maradufu katika miezi iliyofuata. Alifanya jambo jema kusema hadharani.

Lakini madaktari wake walimpigia hesabu kwa jeni yake na ukoo wake. Yako itapigwa upya, na huenda ikatoka tofauti kabisa.

## Kupima jeni

7. Katika familia, nani aanze kupimwa?

Yule aliyeugua, kama yu hai na anakubali. Watu hudhani aanze mzima mwenye wasiwasi, kumbe ni kinyume. Aliyeugua akikutwa na hitilafu, maabara inajua hasa cha kutafuta kwa wengine, na majibu ya wadogo zake na mabinti zake yatakuwa wazi: unayo au huna. Ukianza na asiyeugua asikutwe na kitu, mnabaki gizani (tazama swali la 9).

Kama walioumwa wote wamefariki, mzima anaweza kupimwa, ila mshauri wa masuala ya urithi amweleze mapema kwamba majibu yanaweza yasimalize maswali yake.

8. Majibu yanasema nina "badiliko ambalo maana yake haijulikani". Niondoe matiti?

Hapana. Badiliko la namna hiyo ni tofauti tu katika mpangilio wa jeni ambayo wataalamu hawajathibitisha kama ina madhara. Mengi ya mabadiliko hayo, yakichunguzwa zaidi, huishia kuhesabiwa kuwa hayana neno. Kuondoa matiti kwa sababu hiyo peke yake ni kukata kiungo kwa sababu ya swali ambalo bado halijajibiwa, na hakuna upasuaji wa kurudisha.

Wanawake wenye asili ya Afrika na Asia hupewa majibu haya mara nyingi zaidi kuliko wenye asili ya Ulaya. Si kwamba jeni zao ni mbovu zaidi. Kumbukumbu ambazo maabara hulinganishia zimejazwa zaidi na watu wa asili ya Ulaya, kwa hiyo tofauti za kawaida za watu wengine bado zinaonekana ngeni. Hilo ni pengo la sayansi, lisigeuzwe mzigo wa mwanamke. Waambie kliniki wakuwekee kumbukumbu, na uulize tena kila baada ya mwaka au miwili kama badiliko lako limepewa maana mpya. Wakati huo, ufuatiliaji wako upangwe kwa kuangalia historia ya ukoo.

9. Majibu yangu hayakuonyesha hitilafu. Niko salama?

Inategemea. Kama mama yako ana hitilafu inayojulikana na wewe huna ileile, hatari yako inarudi karibu na ya wanawake wengine, na huhitaji upasuaji huu. Kama katika ukoo hakuna hitilafu iliyowahi kupatikana ila saratani ni nyingi, majibu yako hayajakuondolea hatari. Huenda kuna jeni ambayo bado haijagunduliwa.

## Kuamua

10. Upasuaji unapunguza hatari kwa kiasi gani? Naweza kupata saratani hata baada ya kuondoa?

Unapunguza kwa asilimia 90 au zaidi. Mwaka 1999 watafiti wa Mayo Clinic huko Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 639 wenye historia ya saratani katika familia waliokuwa wamefanyiwa upasuaji huu, na upungufu ulikuwa takriban kiasi hicho. Tafiti za baadaye kwa wenye BRCA zimekubaliana nao.

Haufiki asilimia mia, kwa sababu tishu ya titi haina mpaka uliochorwa. Vipande vidogo hubaki chini ya ngozi na kuelekea kwapani. Hatari inayobaki ni ndogo, asilimia chache tu.

Kuhusu kuishi muda mrefu zaidi, jibu si rahisi. Tafiti za wabebaji wa jeni zinaonyesha faida hiyo waziwazi zaidi kwa BRCA1. Kwa BRCA2, wanawake wanaofuatiliwa kwa karibu kwa vipimo wana matokeo yanayokaribiana sana na ya waliofanyiwa upasuaji. Ndiyo maana wenye BRCA1 na wenye BRCA2 hawapaswi kupewa ushauri uleule kana kwamba wana jambo moja.

11. Ni lazima? Hakuna njia nyingine?

Si lazima. Njia kubwa nyingine ni ufuatiliaji wa karibu: kipimo cha MRI cha matiti (picha zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku) kila mwaka kuanzia miaka 25 hivi, na mamografia (picha ya eksirei ya matiti) kuongezwa kuanzia miaka 30. Baadhi ya kliniki huvipishanisha kwa miezi sita ili mwaka usipite bila jicho. MRI huona vitu ambavyo mamografia haioni katika matiti ya vijana, ambayo yana tishu nzito. Upungufu wake ni kwamba mara nyingine inaonyesha doa lisilo na neno, ukaitwa tena, ukachomwa sindano ya kuchukua kinyama, ukakesha siku kadhaa ukingoja majibu. Baadhi ya wanawake huzoea. Wengine huchoka nayo baada ya miaka mitano, na uchovu huo ndio unaowapeleka kwenye upasuaji.

Vipo pia vidonge kama tamoksifeni. Kwa wanawake wenye hatari kubwa kwa jumla, hupunguza uwezekano wa kuugua kwa karibu nusu, lakini vinazuia saratani zinazotegemea homoni tu, kwa hiyo huwafaa zaidi wenye BRCA2.

Ninachosisitiza: ufuatiliaji ni njia halali ikiwa mashine ya MRI ipo, unaifikia, na utarudi kila mwaka. Ufuatiliaji wa kujishika kwa vidole peke yake, kwa mwenye BRCA1, si mbadala wa upasuaji. Daktari anayekwambia usiwe na wasiwasi bila kukupangia kipimo hajakufuatilia.

12. Umri gani unafaa?

Hakuna umri mmoja. Chini ya miaka 25 hufanyika mara chache sana. Wenye BRCA1 wengi huamua kati ya miaka 25 na 40. Kama kuna jamaa aliyeugua akiwa kijana sana, hilo huangaliwa. Baada ya miaka 60 faida hupungua (sababu iko kwenye swali la 4), lakini mlango haufungwi.

13. Sijazaa bado. Nisubiri?

Baada ya upasuaji huwezi kunyonyesha, hata kama chuchu imeachwa. Hilo lisemwe waziwazi kwa sababu wapo walioshangaa baadaye. Mimba yenyewe haizuiwi. Kwa hiyo wengi wanaopenda kunyonyesha huzaa kwanza huku wakifuatiliwa, kisha hufanya upasuaji miezi kadhaa baada ya kumwachisha mtoto. Wengine huona mama aliye hai na chupa ya maziwa ni bora kuliko kungoja.

Wanaotaka kuzuia jeni isimfikie mtoto wanaweza kuzungumza na wataalamu wa uzazi kuhusu kutungisha mimba maabara na kupima kiinitete kabla ya kukipandikiza.

14. Nina PALB2, TP53 au CHEK2, si BRCA. Haya yananihusu?

PALB2: ndiyo, kwa sehemu kubwa. Hatari yake ya maisha ni zaidi ya asilimia 50, na upasuaji hujadiliwa kulingana na historia ya ukoo. TP53: ndiyo, tena kwa sababu ya ziada, kwani wabebaji wake huepushwa mionzi inapowezekana, na kuondoa titi kunasaidia kuikwepa. PTEN na CDH1 pia hujadiliwa; CDH1 inahusu na saratani ya tumbo. CHEK2 na ATM kwa kawaida hufuatiliwa kwa vipimo, na hitilafu yenyewe peke yake si sababu tosha ya upasuaji.

15. Mume wangu hataki, na dada zangu wananiona nimechanganyikiwa. Nifanye nini?

Mlete mume kwenye kliniki. Wengi wanaopinga wanapinga kitu walichojifikiria wenyewe. Wakisikia namba kutoka kwa mtaalamu na kuona picha za matokeo halisi, mazungumzo hubadilika. Dada zako wanaweza kuwa na hofu yao: uamuzi wako unawakumbusha kwamba nao wanapaswa kupimwa. Wasikilize kwa upole. Lakini sahihi kwenye fomu ni yako, na mwili ni wako. Wala usikubali kinyume chake, yaani kusukumwa na jamaa walioogopa wakati wewe mwenyewe hujawa tayari.

## Upasuaji wenyewe

16. Hufanywaje, na chuchu inabaki?

Unalazwa usingizi kabisa. Kuna namna tatu kuu. Ya kwanza huondoa titi pamoja na chuchu na ngozi ya ziada, kifua kikabaki bapa. Ya pili huacha ngozi ili titi jipya liwekwe ndani yake, ila chuchu huondolewa. Ya tatu huacha ngozi na chuchu. Kovu hufichwa kwenye mkunjo wa chini ya titi.

Zamani madaktari waliogopa kuacha chuchu kwa wenye BRCA. Matokeo yaliyokusanywa tangu hapo yanatia moyo: saratani kuanzia kwenye chuchu iliyoachwa ni nadra sana. Si kila umbo linafaa, lakini. Matiti makubwa sana au yaliyolala sana yana hatari ya chuchu kukosa damu na kufa, na wakati mwingine hupunguzwa kwanza, kisha upasuaji wenyewe hufuata miezi baadaye.

17. Titi jipya hutengenezwa kwa kitu gani?

Njia ya kwanza ni silikoni. Ama huwekwa siku hiyohiyo, ama kwanza huwekwa mfuko unaojazwa maji kidogo kidogo kwa wiki kadhaa hadi ngozi itanuke, halafu hubadilishwa. Upasuaji ni mfupi na kupona ni haraka. Lakini silikoni si ya maisha: mwanamke wa miaka 33 ajue kwamba atarudi chumba cha upasuaji pengine zaidi ya mara moja, kwani nyingi huhitaji kubadilishwa baada ya miaka kumi au kumi na tano hivi. Utando wa mwili unaoizunguka unaweza kukaza na kuuma. Zaidi ya hapo, silikoni zenye uso wa kukwaruza zimehusishwa na aina adimu ya limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), na mwaka 2019 baadhi yake ziliondolewa sokoni duniani kote. Uliza uso wa silikoni yako ni laini au la, na utunze kadi yake.

Njia ya pili ni nyama yako mwenyewe, mara nyingi ngozi na mafuta ya chini ya tumbo yakiunganishwa na mishipa ya damu ya kifuani kwa darubini. Huchukua saa nyingi, sita hadi kumi na mbili kwa matiti mawili, na unabaki na kovu refu la tumbo. Ila titi hilo ni la joto, laini, linanenepa na kukonda nawe, na halina tarehe ya kubadilishwa. Wembamba wasio na mafuta ya tumbo hutumia sehemu nyingine kama paja, au msuli wa mgongo pamoja na silikoni.

18. Naweza kukataa titi jipya kabisa?

Unaweza. Kifua bapa kilichoshonwa vizuri ni matokeo kamili, na wanawake wengi wanakichagua: upasuaji mmoja, kupona haraka, hakuna kitu kigeni mwilini. Mwambie daktari kwa maneno ya wazi, kabla ya siku yenyewe, kwamba hutaki ngozi ya ziada iachwe "endapo utabadili mawazo". Ngozi iliyoachwa ikining'inia bila ridhaa ni lalamiko la kweli la wanawake hawa. Ukitaka kuvaa titi bandia ndani ya sidiria, ni shauri lako. Na ukitaka kutengenezewa titi miaka baadaye, bado inawezekana.

19. Nitalala hospitalini siku ngapi, na maumivu yakoje?

Bila kutengeneza titi au kwa silikoni, siku moja hadi mbili. Kwa nyama ya tumbo, tatu hadi tano. Utatoka na mirija miembamba ubavuni inayotoa majimaji kwenye vichupa. Hukaa wiki moja hadi mbili, na karibu kila mwanamke husema mirija ilimsumbua kuliko kidonda. Shati la vifungo mbele litakuokoa, maana mikono haiinuki juu ya kichwa siku za kwanza. Kazi nyepesi hurudiwa baada ya wiki nne hadi sita, zaidi kidogo kwa nyama ya tumbo. Kubeba mtoto mdogo kunakatazwa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo panga msaidizi mapema.

20. Kitu gani kinaweza kwenda vibaya?

Kuvuja damu, kidonda kupata wadudu, ngozi au chuchu kufa, majimaji kujikusanya, silikoni kulazimika kutolewa. Baadhi hubaki na maumivu ya kifua ya muda mrefu. Uvutaji sigara huongeza sana hatari ya ngozi kufa. Acha angalau wiki nne kabla. Kisukari kisichodhibitiwa na unene mkubwa navyo huongeza matatizo.

## Baada ya upasuaji

21. Nitahisi nikiguswa?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Neva zinazopita ndani ya titi hukatwa, kwa hiyo kifua hufa ganzi, na chuchu iliyoachwa huonekana tu, haihisi kama zamani. Hisia kidogo za mguso zinaweza kurudi kwa miezi au miaka. Kinachoniumiza ni kwamba wanawake wengi wanasema hawakuambiwa hili. Waliambiwa titi litapendeza, wakadhani litakuwa titi.

Ganzi hiyo ina mambo yake ya kila siku. Angalia maji ya moto, pasi, na mfuko wa maji moto kifuani: unaweza kuungua bila kujua. Na kitandani, mwambie mwenzi wako kilichobadilika badala ya kumwacha akisie. Sehemu nyingine za mwili zitachukua nafasi, kwa subira ya nyote wawili. Wapo wanaolia matiti yao kama msiba huku hawajutii uamuzi hata kidogo, na mambo hayo mawili hukaa pamoja katika moyo mmoja.

22. Bado nipimwe mamografia?

Kwa kawaida hapana, tishu iliyobaki haitoshi. Daktari atakagua kifua kwa mikono kila mwaka. Wewe ukihisi kinundu kigumu chini ya ngozi, usijiambie haiwezekani, nenda.

23. Na ovari?

Kuondoa matiti hakulindi ovari. Saratani ya ovari haina kipimo cha kuaminika cha kuigundua mapema, kwa hiyo wenye BRCA1 hushauriwa kuondoa ovari na mirija ya uzazi kati ya miaka 35 na 40 baada ya kumaliza kuzaa, na wenye BRCA2 kati ya 40 na 45. Hedhi itakoma ghafla. Kwa ambaye hajawahi kuugua saratani ya matiti, homoni za kufidia hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi mara nyingi zinakubalika, ili kulinda mifupa na moyo.

Kwa uzito, ukilazimika kuchagua kimoja kwanza ukiwa na BRCA1 na miaka 40 imefika, ovari zisiachwe nyuma. Matiti yana MRI ya kuyalinda; ovari hazina.

## Hali za pekee

24. Tayari nina saratani titi moja. Niondoe na la pili?

Ukiwa na hitilafu ya BRCA, titi la pili lina hatari halisi: ndani ya miaka 20, takriban asilimia 40 kwa BRCA1 na 26 kwa BRCA2. Lakini tibu kwanza saratani iliyopo, hasa kama imesambaa. Titi la pili linaweza kungoja. Kama huna hitilafu yoyote, kuondoa titi la pili lisilo na saratani hakujaonyeshwa kurefusha maisha.

25. Nilipigwa mionzi kifuani nikiwa kijana kwa ajili ya limfoma. Sina jeni.

Nawe unahesabiwa miongoni mwa wenye hatari kubwa, hasa kama ulikuwa na umri chini ya miaka 30. Kwa kawaida utafuatiliwa kwa MRI na mamografia, na upasuaji unaweza kujadiliwa. Mweleze daktari eneo la mionzi, kwani ngozi iliyopigwa mionzi hupona polepole na hubadilisha uchaguzi wa swali la 17.

26. Nimegundua nina jeni nikiwa mjamzito.

Upasuaji wa kinga hungoja hadi baada ya kujifungua na kunyonyesha. Dawa inayodungwa wakati wa MRI huepukwa katika ujauzito, hivyo daktari atakukagua kwa mikono na kwa ultrasaundi. Kinundu kipya kisiachwe kwa kudhani ni maziwa.

27. Maabara imekuta saratani ndogo ndani ya titi lililoondolewa kwa kinga.

Hutokea kwa asilimia chache, na ndiyo sababu MRI hufanywa kabla ya upasuaji. Zikiwa seli zilizo bado ndani ya mirija ya maziwa, mara nyingi hakuna kinachoongezwa. Ikiwa imeshavuka, kwapa litahitaji kuchunguzwa na timu ya saratani itakupangia matibabu.

28. Kaka yangu ana BRCA2. Naye aondoe?

Hapana. Hatari yake ya saratani ya titi ni asilimia chache tu, haifikii upasuaji. Ajikague, amweleze daktari akiona kinundu nyuma ya chuchu, na aanze kupima tezi dume mapema, kuanzia miaka 40, kwa sababu BRCA2 huongeza saratani ya tezi dume, tena ile kali. Mabinti zake watahitaji kujua.

29. Binti yangu ana miaka 12 na ameanza kuuliza makovu yangu. Nimwambie nini, na apimwe lini?

Asipimwe kabla ya miaka 18. Hakuna cha kufanyiwa kabla ya hapo, na haki ya kuchagua kujua au kutojua ni yake. Lakini mjibu alichouliza. Mtoto anayeona mama ana siri kuhusu mwili wake hujitungia hadithi mbaya kuliko ukweli. "Matiti yangu yalikuwa na hatari ya kuugua, nikayaondoa nikiwa mzima" ni sentensi anayoweza kuibeba. Akiuliza kama na yeye ataugua, mwambie kwamba bado haijulikani, kwamba akiwa mkubwa anaweza kupimwa akitaka, na kwamba siku hiyo mtakwenda pamoja.